Kipupwe cha Dodoma, barafu, na mabega yanayopanda masikioni

Kuanzia Juni mpaka Agosti, benchi la nje ya chumba chetu cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, hujaa mapema kuliko miezi mingine. Waendesha bodaboda, mafundi ujenzi wa huko Mtumba, mama lishe, wakulima wa zabibu, na siku hizi maofisa wanaokaa chini ya kiyoyozi hata mwezi wa Julai, sijui kwa nini. Waliohamia na Serikali kutoka Dar ndio wanaoshangaa zaidi. Waliambiwa Dodoma ni nusu jangwa, wakafungasha mashati mepesi. Kisha wanaamka na alfajiri ya nyuzi joto 13 au 14, upepo mkavu wenye vumbi unawapiga kuanzia Kisasa mpaka ofisini, na ifikapo saa saba mchana jua linawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Lalamiko ni lile lile: "Dokta, baridi imeniingia kwenye misuli." Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyesomea KCMC pale Moshi, lakini kwenye hilo la udokta nimeshanyoosha mikono. Msimu huu kijana mmoja wa bodaboda, shingo imekakamaa upande wa kulia, aliniona natoa barafu kwenye friji akaruka kitandani. "Sasa dokta, baridi ndiyo iliyonileta hapa, na wewe unaniwekea barafu?" Wenzake nje walicheka mpaka nikafunga mlango. Swali lake lilikuwa zuri, ila foleni haikuniruhusu kulijibu vizuri. Najibu hapa.

Kijana mwenyewe anakaa Ihumwa, kijiwe chake kipo mjini, na anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Koti analivaa kinyume, zipu mgongoni, kama wengi wao wanavyofanya ili upepo usipenye kifuani. Shingo iko wazi. Nilimwambia akae kwenye kiti kama yuko juu ya pikipiki, ashike usukani hewani. Mabega yakapanda yenyewe mpaka karibu na ndewe za masikio, kidevu kikasogea mbele, viwiko vikabana mbavu. Chumbani mwangu hakukuwa na baridi hata kidogo. Mwili ulikuwa umeshazoea tu. Nikapapasa ule msuli mpana unaotoka shingoni kwenda begani, nikabonyeza katikati yake kwa kidole gumba, akasema "hapo hapo" kabla sijauliza.

Ukipatwa na baridi mwili mzima, ubongo una sehemu ndogo inayosimamia joto, na kazi yake ya kwanza ni kubana mishipa ya damu ya kwenye ngozi, mikono na miguu ili damu ya moto ibaki kifuani na tumboni, kwenye moyo na ini. Ndiyo maana vidole ndivyo vinavyopoa kwanza. Kazi ya pili ni kukaza misuli. Msuli unaofanya kazi unatoa joto, kwa hiyo mwili unaifanyisha misuli kazi bila kukuomba ruhusa. Kutetemeka tunakuona kwa macho, lakini kabla hujaanza kutetemeka misuli imeshakaza kimyakimya. Kijana wangu alikuwa anabeba mabega yake mwenyewe toka Ihumwa mpaka mjini, bila kuyatua hata mara moja, kila siku ya kipupwe. Hakuna kitu kilichomwingia. Msuli umechoka kwa kazi ambayo hakujua anaifanya.

Hilo ni la kukaza. Kuna na kupoa kwenyewe. Msuli uliopoa unachelewa kusinyaa na unachelewa kulegea, kwa sababu mambo yote ya kikemia ndani yake yanakwenda polepole, na mishipa ya fahamu nayo inasafirisha taarifa kwa mwendo wa chini. Joto la msuli likishuka kwa nyuzi moja tu, nguvu ya zile kazi za ghafla, kuruka, kunyanyua kwa mara moja, kukimbia, hupungua kwa asilimia 2 mpaka 5 hivi. Sasa mchukue saidia fundi anayefika saiti saa moja asubuhi na kupewa kazi ya kushusha saruji. Misuli yake imepoa nyuzi kadhaa, majimaji ya kwenye viungo yamekuwa mazito, kano zimekakamaa, na misuli ya mbele na ya nyuma inavutana kwa sababu mmoja unachelewa kuachia wakati mwenzake anavuta. Mfuko wa saruji hauna habari na kipupwe, kilo zake ni 50 zile zile. Mgongo ukikataa kwenye mfuko wa tatu, nashangaa nini?

Vidole vina hesabu yao. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi unapotea. Mama lishe anayeosha vyombo kwenye karai la maji ya bomba kabla jua halijachomoza anakijua kipimo hicho bila kipimajoto, maana maji huchukua joto la mwili haraka mara 20 na zaidi kuliko hewa ya baridi ile ile. Anashika sahani kwa nguvu kuliko inavyohitajika kwa sababu haisikii vizuri, na jioni mkono wote mpaka kiwiko unauma.

Haya, barafu.

Barafu ninayoweka mimi haimpozi mtu, inampoza kipande. Dirisha nimefunga, mgonjwa amefunikwa shuka, miguu ina soksi, tumbo lina joto. Ubongo hauna sababu ya kukaza chochote. Pale penye barafu, mishipa ya fahamu inayobeba maumivu inapunguza mwendo, na vile vipokezi vilivyomo ndani ya msuli, vinavyopima kama umevutwa au la na kuuamuru ukaze, vinatulia. Msuli unalegea. Kwa hiyo baridi ya mwili mzima inakaza na baridi ya kipande inalegeza, na ni baridi hiyo hiyo moja.

Anayenionyesha hili vizuri zaidi ni mzee mmoja aliyepata kiharusi. Alfajiri ya kipupwe mkono wake wa kushoto unajikunja zaidi, ngumi inafungwa mpaka kucha zinaacha alama kwenye kiganja, na mkewe anapata shida hata kumvisha shati. Akifika kwetu kwanza tunamuacha aote jua la saa tatu ukutani. Kisha nampaka barafu kwenye misuli ya mkono ile inayokunja vidole, na baada ya muda vidole vinafunguka. Havikai hivyo siku nzima, ni kipindi kifupi tu, na kipindi hicho ndicho ninachokitaka: namshikisha kikombe, anakiachia, anakishika tena. Barafu yenyewe haijamtibu kiharusi. Imenipa nafasi ya kufanya naye mazoezi ambayo nusu saa kabla yasingewezekana.

Kijana wa boda naye ilikuwa hivyo. Kitambaa kilicholoweshwa, barafu iliyopondwa ndani yake, juu ya ule msuli. Huwa nawaeleza mapema watakachosikia, la sivyo wanatupa kitambaa: kwanza baridi, halafu kuungua, halafu maumivu ya kuvuta, halafu ganzi. Ikifika ganzi natoa. Kwa kawaida ni dakika 10 mpaka 15, na sizidishi 20. Akageuza shingo kulia, akafika mbali kuliko alivyokuja, nikamwambia asiniangalie mimi, aendelee kugeuza. Kukaa tu na barafu halafu kurudi kijiweni ni kupoteza barafu.

Watu wa mpira wataniuliza habari ya kifundo kilichoteguka, kwamba si tuliambiwa kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu? Ni kweli. Kanuni hiyo aliiandika daktari wa michezo wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978, na ikasambaa dunia nzima mpaka viwanja vya mchangani. Mwaka 2014 yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja huenda vinachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya ukarabati wa mwili. Msimamo wangu ni wa katikati: siku ya kwanza mbili, barafu kwa muda mfupi kwa ajili ya maumivu, sawa. Wiki ya pili bado unaweka barafu na hujakanyaga chini, hapo tunaanza kugombana.

Kuna watu siwawekei barafu hata wakinibembeleza. Mwenye seli mundu yuko wa kwanza. Baridi hubana mishipa midogo ya damu na zile chembe zenye umbo la mundu hunasa humo, na maumivu yanayofuata si ya kumwombea mtu. Wazazi wenye watoto wa namna hiyo, kipupwe hiki soksi na sweta visiwe vya shule tu. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imeshaanza kufa ganzi naye hapana, kwa sababu hatasikia ngozi inapoumia. Hata mzima wa afya asifunge barafu muda mrefu upande wa nje wa goti, chini kidogo, wala upande wa ndani wa kiwiko. Hapo mishipa ya fahamu ipo juu juu chini ya ngozi, na ule wa gotini ukipozwa sana mtu anaweza kushindwa kuinua unyayo kwa siku au wiki.

Na kwa wanaosimama kutwa nzima, walimu, wauguzi, walinzi, ambao hatua ya kwanza ya asubuhi kisigino kinachoma: gandisha chupa ya maji, vaa soksi, iviringishe chini ya unyayo. Basi.

Sasa joto, maana Dodoma hii joto ndilo wanalolipenda na mara nyingi wako sahihi. Kuna bibi kutoka Hombolo anayelima zabibu, viungo vya vidole vyake vimevimba na kupinda kwa miaka mingi ya mkasi wa kupogolea. Anaita baridi yabisi, kama watu wote. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba kwa Kigogo chake mwenyewe kirefu, kisha ananiuliza kama nimeshakunywa uji, na matibabu hayaanzi mpaka nimejibu. Kwake barafu ingekuwa ukatili. Namwekea beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo kiwiko kinayavumilia kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, anaingiza mikono yote miwili mpaka juu ya viganja. Tunakunja ngumi ndani ya maji, tunafungua, gumba linagusa kila kidole kwa zamu. Maji yakipoa mjukuu wake anaongeza. Joto linafungua mishipa ya damu, linalainisha kano, na yale majimaji ya viungo yanakuwa mepesi. Lakini angalia, mikono haikai tu majini. Inafanya kazi. Nilimwambia afanye hivyo nyumbani alfajiri kabla ya kushika mkasi, akaniambia jiko la mkaa linawaka saa kumi na moja hata hivyo kwa ajili ya uji, maji yatakuwepo.

Hospitali nyingine zina nta ya moto ya kuchovya mikono, inafanya kazi ile ile kwa starehe zaidi. Beseni linatosha.

Kosa la joto ni kulipeleka pasipostahili. Kifundo kimeteguka jana, kimevimba, kina moto, halafu mtu anakikanda kwa maji ya moto na juu yake anamwita mjomba aje akichue kwa nguvu zake zote. Kinavimba mara mbili. Acha kuchua siku hizo za mwanzo. Na wale wazee ambao nyayo zao hazisikii, chupa ya maji ya moto kitandani imeshawaunguza wengi, nimeyaona malengelenge yenyewe.

Kati ya barafu na joto kuna dawa za kuchua, zile za kopo dogo na zile za chupa zinazouzwa stendi na kwenye basi la Kondoa. Wanazipenda kwa sababu "zinapoza mpaka ndani." Hazipozi. Menthol iliyomo, ile kemikali ya mnanaa, inaamsha kipokezi kile kile cha kwenye neva ambacho huamshwa na baridi halisi, ubongo unaambiwa kuna baridi, wakati kipimajoto hakioni badiliko la maana kwenye msuli. Kipokezi hicho kilielezwa mwaka 2002, na David Julius na Ardem Patapoutian walipata tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso. Sikukatazi kupaka. Inapunguza maumivu kwa muda na harufu yake inafungua pua ya vumbi. Ila usipake halafu ukafunga kwa nailoni au ukaweka chupa ya moto juu yake, ngozi itaungua.

Nifike kwenye mashine, ambako ndiko ninakogombana na wagonjwa. "Dokta, leo hunipigi mashine?" Mtu amesafiri toka Mpwapwa, amelipa nauli, nikimfundisha mazoezi ya mgongo anaona nimemdhulumu. Anataka kile kimashine cha TENS chenye vibandiko, kimkune kwa umeme. Kina mantiki yake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo taarifa za mguso zinaweza kuzuia taarifa za maumivu zisipite, na ndicho unachofanya ukigonga kiwiko ukakisugua. Kwa maumivu ya muda, nakitumia. Lakini kwa mgongo unaouma miezi na miaka, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haukupendekeza TENS, wala mawimbi ya sauti, wala kuvutwa mgongo kwa uzito, wala ile mikanda ya kiunoni inayouzwa pale mjini. Ulichopendekeza ni mazoezi yenye mpangilio, elimu, kuchuliwa, na mengine machache. Nikiwasomea hayo wananiangalia kama mtu anayeficha mashine kwa ajili ya ndugu zake.

Kuna kitu kingine kinachosingiziwa baridi bure, nacho ni bega lililoganda. Mama wa miaka hamsini hivi anakuja, hawezi kufunga sidiria wala kufikia kabati la juu, anasema alilala dirisha wazi. Dirisha halihusiki. Gamba linalozunguka kiungo cha bega limevimba na kusinyaa, linawapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari kuliko wengine. Kwa hiyo akija kwangu bila kujua sukari yake ikoje, namwandikia akapime kabla hatujaongea mengine. Linachukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, na kuling'ang'aniza kwa nguvu siku za mwanzo kunalichochea. Mzee wa kuvuta mikono hapo mtaani mwambie asubiri.

Kijana wa boda alirudi kuuliza kama aongeze barafu. Nikamwambia hapana, aongeze skafu. Afunge shingo, hata kipande cha kitenge kinatosha, na kabla ya kuwasha pikipiki apandishe mabega mpaka masikioni kwa makusudi, ayabane, kisha ayaachie yadondoke, arudie mpaka asikie shingo imepata joto. Kila akimshusha abiria ayadondoshe tena. Mafundi nao nawaambia hivyo hivyo: dakika za kwanza saiti zisiwe za saruji. Beba makarai matupu, zungusha nyonga, chuchumaa na kuinuka, koti likae mwilini mpaka jasho lianze ndipo livuliwe. Wanasema msimamizi hataki. Msimamizi mmoja amelazwa kwa mgongo wake mwenyewe mwezi uliopita, labda sasa atataka.

Na wapo ambao sigusi kabisa, nawarudisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Mgongo unaouma usiku kuliko mchana, pamoja na homa za jioni na kupungua uzito, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mfugaji au yeyote anayekunywa maziwa mabichi, ana homa inayokuja na kuondoka, jasho, na viungo vinauma, apimwe bruselosi kwanza, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mkojo umekataa kutoka au miguu yote miwili imekosa nguvu ghafla, hiyo si ya kusubiri kesho wala si ya kuja kukaa kwenye benchi langu.